Kioo Kilisema Joto

Mama Mdogo alijibu kila swali bila kusita, mpaka alipoulizwa habari ya joto.

"Chai ulimpelekea wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Jioni, taarifa ya habari inaanza. Akasema sukari kiduchu, nikamwongezea."

"Akanywa?"

"Nusu. Dada yangu hajapata kumaliza kikombe tangu nimjue, na nimemjua tangu nilipozaliwa."

"Halafu?"

"Halafu tukalala. Asubuhi nikaenda kumwamsha. Hakuamka."

Inspekta aliyekaa mbele yake alikuwa mwanamke mnene, mwenye magoti mabovu na subira ndogo. Kituoni kote, kuanzia mkuu wake hadi mfagiaji, walimwita Swali Moja. Alikuwa na kawaida ya kumwambia mtu, "Nina swali moja tu," kisha akamkalisha mpaka makalio yakafa ganzi. Sasa alisogeza kiti karibu na meza.

"Swali moja tu, mama. Usiku ule nyumba ilikuwa na joto?"

Mama Mdogo akatazama meza. Alikuwa mwanamke wa umbo dogo, wa miaka sitini na ushee, na alikuwa amevaa sweta mbili. Ile ya juu ilimpwaya, mikono kaikunja hadi kwenye viwiko. Ndivyo walivyomkuta asubuhi walipokwenda kumkamata, ndani ya nyumba iliyokuwa na mashine ya kupasha joto.

"Ilikuwa na joto," alisema hatimaye. "Kioo cha mashine, kile cha ukutani, kilisema joto."

"Nimekuuliza habari za nyumba, sikukuuliza habari za kioo."

"Ilikuwa na joto, mwanangu. Andika hivyo."

Inspekta hakuandika. Alitoka nje, akamkuta koplo anamsubiri kwenye korido, uso umejaa ushindi.

"Afande, kuna nini tena cha kuuliza? Kesho asubuhi anapandishwa kizimbani kwa mauaji. Kesi imeiva, ni kupakua tu."

"Nipakulie basi, nione kama ina chumvi."

Koplo akapakua. Daktari alikuta mwili umepoa mno, akasema marehemu alifariki mapema, kabla hata ya hiyo saa ya chai. Kwa hiyo hadithi ya sukari ni uongo mtupu. Kiganja cha marehemu kilikuwa kimefumbwa, na ndani yake mlikuwa na nyuzi za sufu za blanketi, lakini kitandani palikutwa shuka moja tu. Na jirani alimsikia marehemu siku moja kabla akipiga kelele, "Utaniua! Utaniua wewe!"

"Kamziba pumzi kwa blanketi, kaficha blanketi," koplo alimalizia. "Hata mtoto wa marehemu anasema hivyohivyo. Ndiye aliyetuita."

"Mtu mwenye hatia hudanganya pale penye hatia," Inspekta alisema. "Huyu kadanganya kuhusu baridi. Hilo ndilo linaloniwasha."

"Baridi haiui mtu ndani ya nyumba, afande."

"Nani kasema? Nipe funguo za gari."

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa mwisho wa mtaa wa mteremko, imebanana na nyumba ya pili kiasi kwamba jirani angeweza kumpitishia mwenzake chumvi dirishani. Manyunyu yalikuwa yanaanguka tangu asubuhi, yale ya msimu wa baridi yasiyojua kukata. Kati ya nyumba hizo mbili ilisimama mashine ya nje, sanduku kubwa la bati lenye feni inayovuma. Mbele ya feni, juu ya msingi wa saruji, paka alikuwa amelala chali, miguu yote minne hewani.

Upande wa pili wa uzio wa waya, chini ya upenu wake, jirani alikuwa anaanua nguo.

"Zimekauka na mvua hii?" Inspekta aliuliza.

"Mungu si Athumani! Wiki iliyopita zilikuwa zinavunda kwenye kamba. Wiki hii natundika, naanua. Sijui ni upepo gani huu." Jirani akaziminya soksi kwapani. "Wewe ndiye yule wa maswali?"

"Ni mimi, na ninalo moja tu. Marehemu aliposema 'Utaniua,' mdogo wake alijibu nini?"

Jirani alisimama na pini ya nguo mdomoni. "Haya, wenzako hawakuniuliza hilo. Alikuwa analia. Alisema, 'Sasa nifanye nini, dada? Nifanye nini tena?' Akalia mpaka nikaona aibu kusikiliza."

"Ukaacha kusikiliza?"

"Sikuacha, lakini niliona aibu." Akashusha sauti. "Ila nikwambie, afande, humo usiingie peke yako. Marehemu hajaondoka. Kijana wake kamsikia kwa masikio yake. Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja."

Inspekta akamshukuru, akazunguka hadi mlango wa mbele.

Aliyefungua alikuwa mtoto wa marehemu, mwanamume mzima mwenye mvi za kwanza kidevuni. Ukoo mzima ulimwita Kifungua Mimba, na wenye utani waliongeza kwamba ndiye pia aliyeifunga, kwa sababu hakuzaliwa mwingine baada yake. Alikuwa amevaa koti zito, kofia ya sufu na soksi mbilimbili. Macho yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala.

"Karibu, afande. Usivue koti."

Baridi ilimpokea Inspekta mlangoni, ikampanda miguuni kupitia soli za viatu. Haikuwa baridi ya nje. Ya nje ilikuwa na unyevu na upepo. Hii ilikuwa kavu, imetulia, inashuka kutoka matundu ya dari taratibu na kumkaa mtu shingoni.

"Mbona humu ndani hivi?"

"Nyumba ikifiwa hupoa," Kifungua Mimba alisema. "Joto lenyewe lipo. Angalia."

Akamwonyesha kidude cha ukutani, kipya, cheupe, chenye kioo king'aavu. Alama ya jua jekundu iliwaka, na chini yake namba ishirini na sita.

"Mwenyewe unahisi joto?"

"Mimi sihisi kitu, afande. Nimefiwa na mama." Akavuta kofia masikioni. "Na mama yangu bado yumo humu. Najua utanicheka."

"Sijacheka tangu asubuhi. Sema."

"Anapumua. Pale juu. Pumzi ndefu, kama alivyokuwa akirudi kazini. Alikuwa mkunga, afande, alikuwa anarudi kachoka, anaketi, anashusha pumzi, kisha anaalisha vidole. Kimoja kimoja. Ta. Ta. Ta. Halafu anakwenda kunawa." Akatazama dari. "Nasikia pumzi, nasikia vidole, nasikia maji. Kwa mpangilio uleule. Ananidai nini mimi? Si nimeshamkamatisha aliyemuua?"

Inspekta alitaka kumjibu, lakini mvumo wa darini ukakatika ghafla. Nyumba nzima ikawa kimya. Kisha, kutoka ndani ya ukuta wa korido, kikaalika kidole. Kikafuata kingine. Baada ya hapo likaanguka tone la maji, na jingine, polepole, kama mtu anayekung'uta mikono juu ya beseni.

Inspekta hakuwa mtu wa mashetani, lakini nywele za mikononi zilimsimama. Kifungua Mimba alikuwa ameegemea ukuta, macho amefumba, midomo inacheza bila sauti.

"Nionyeshe chumba chake," Inspekta alisema, na sauti yake mwenyewe aliiona ndogo.

Chumba kilikuwa safi kupita kiasi. Kitanda kimoja, shuka moja, mto mmoja. Sanduku la nguo lilikuwa wazi na nusu tupu. Inspekta aliangalia nyuma ya mlango, akaangalia dirishani, kisha akatazama chini ya kitanda kwa chuki kubwa.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," aliyaambia magoti yake, akapiga magoti huku akiguna. Akapapasa sakafuni. Alitoka na kifuniko kidogo cha plastiki, chenye mikunjo ya kukazia, chekundu.

"Hiki ni cha nini?"

Kifungua Mimba akakigeuza. "Cha mpira wa maji moto. Ule wa kukumbatia kitandani. Alikuwa anautumia zamani, kabla hatujaweka mashine."

"Zamani. Na mbona hakina vumbi?"

Inspekta alikitia mfukoni. Akatoa simu, akampigia fundi.

*

Fundi aliitwa Barafu, na alikuja na mfuko wa vifaa pamoja na mdomo wake wote. Kazi alijifunzia bondeni, kwenye mji wa joto, na hakuchoka kuwakumbusha watu wa huku juu kwamba hawajui jasho ni nini.

"Mashine hizi nazijua kuliko mke wangu."

"Ndiyo maana kahama?" Inspekta aliuliza.

"Aa, afande, hayo ni ya nyumbani." Akacheka peke yake, kisha akainua uso kwenye matundu ya dari na kicheko kikakoma. "Haya. Hii ni ya aina inayopoza na kupasha pia. Ile ya nje inavuta joto la huko, hii ya ndani inalisambaza. Iko wapi ya ndani?"

Ilikuwa ndani ya kabati refu la korido, ukuta uleule uliokuwa ukialisha vidole. Mlango wa kabati ulikuwa mgumu. Fundi akavuta, ukagoma. Akavuta kwa mguu ukutani, ukafunguka, na mzigo ukamwangukia kifuani hadi akapiga ukelele.

Yalikuwa mablanketi. Moja, la pili, mpaka manne. Shali ya sufu. Kofia ya kufuma. Soksi nzito zilizoviringishwa pamoja. Na katikati ya vyote, mpira wa maji moto, bapa, usio na kifuniko.

Kifungua Mimba alikuwa wa kwanza kusema. "Si unaona? Si unaona, afande! Hivyo ndivyo alivyomziba pumzi! Kavificha humu, mwanamke yule, niliyemwita mama!"

Inspekta alichukua blanketi la juu, akalisogeza dirishani. Pembeni, kwenye upindo, sufu ilikuwa imenyofolewa kwa vidole. Kisha akachukua kile kifuniko chekundu, akakizungusha kwenye mdomo wa mpira. Kikakaa.

"Anayemziba mtu pumzi anahitaji blanketi ngapi?"

"Moja," fundi alijibu, ingawa hakuulizwa yeye.

"Na soksi za nini? Kofia je? Amjazie maji moto ili iweje? Huku si kumuua mtu. Huku ni kumfunika. Mama yako alilala amevaa hivi vyote, kakumbatia mpira, na blanketi kalishika kwa ngumi. Asubuhi mtu akamvua, akayaficha haya, akamwachia shuka moja ili ionekane kwamba chumba kilikuwa na joto."

"Kwa nini mtu afanye hivyo?"

"Hapo ndipo sijafika."

Fundi Barafu alikuwa ameingiza kichwa kabatini na tochi. "Mimi nimefika!" alipaza sauti. "Ugonjwa huu hapa. Mablanketi yameziba njia ya hewa, mashine imezibwa pua. Haipumui, inaganda. Njoo, bwana, njoo umwone mama yako."

Kifungua Mimba alisogea kama anayepelekwa kwa nguvu. Ndani ya sanduku la mashine, mabomba membamba yalikuwa yamefunikwa barafu nyeupe. Wakati wanatazama, kipande kikapasuka. Ta. Kipande kingine. Ta. Maji yakaanza kudondoka kwenye trei.

"Ikiganda sana inajizima," fundi alisema. "Barafu inakatika, maji yanadondoka. Ikiwaka tena, feni inashusha pumzi. Ndiye huyo marehemu wako. Pole sana, lakini ni huyo."

Kifungua Mimba aliketi sakafuni palepale, mgongo kwenye ukuta, akajifunika uso. Hakuna aliyejua kama analia kwa nafuu au kwa kumpoteza mama yake mara ya pili. Pengine hata yeye hakujua.

Fundi alikwangua barafu, akafuta chujio, akawasha. Walisubiri. Feni ikashusha pumzi. Inspekta akainua mkono kwenye tundu la dari, akauweka hapo mpaka vidole vikafa ganzi.

"Bado baridi."

"Haiwezekani."

"Njoo ushike. Halafu, fundi, mablanketi yaliingia kabatini baada ya kifo. Marehemu hangeyavaa yakiwa humu. Kwa hiyo baridi ilikuwepo kabla yake. Bado hujapata ugonjwa, umepata kikohozi."

Fundi alikunja uso, akarudi kabatini, akashika bomba nene linalotoka nje. Akatabasamu. "Mashine nzima kabisa! Bomba baridi, linatoka jasho. Gesi tele. Bomba likitoka jasho, fundi anaondoka na kulala usingizi wake. Hiyo ni sheria ya kwanza niliyofundishwa."

"Basi nyumba mbona haina joto?"

Fundi akaliachia bomba. Akaenda nje na geji zake za kupimia gesi, akarudi akitikisa kichwa. Gesi ipo. Kompresa inazunguka. Feni zote mbili nzima. Alisimama katikati ya sebule, akatazama matundu ya dari, na sauti yake ikapungua.

"Afande, mimi nimefanya kazi hii muda mrefu. Mashine haina ubaya wowote. Labda kweli kuna kitu humu. Mimi nina watoto."

"Koma! Mtu mzima ovyo."

Lakini naye hakupenda jinsi kivuli cha jioni kilivyoanza kuingia sebuleni, wala jinsi koti la Kifungua Mimba lilivyokuwa likitetemeka pale sakafuni. Akaenda dirishani apumue hewa ya watu. Jirani alikuwa ametundika nguo nyingine, mashuka sasa, na yalikuwa yanapepea kuelekea kwake. Mbele ya feni paka alikuwa amegeuka upande wa pili, ili mgongo nao upate.

Inspekta akamtazama paka yule kwa muda mrefu.

"Fundi. Kuuliza si ujinga. Mashine ikipasha nyumba joto, ile ya nje inatupa hewa gani?"

"Ya baridi. Joto imelivuta, imelileta ndani, nje inabaki baridi. Wakati mwingine inaota barafu huko nje."

"Na ikipoza nyumba?"

"Inatupa joto nje. Kule kwetu ukipita nyuma ya nyumba unaungua."

"Njoo hapa dirishani. Paka gani mwenye akili timamu analala mbele ya feni ya baridi, na manyunyu haya, tumbo wazi?"

Fundi akaja. Akatazama paka, akatazama mashuka, na taratibu mkono wake ukapanda kichwani.

"Yesu na Maria," alisema. "Inapoza. Kioo kinasema joto, yenyewe inapoza. Bomba lile halikupaswa kutoka jasho, lilipaswa kuniunguza. Mimi huyu nimeshika bomba la baridi msimu wa baridi nikafurahi! Mazoea, afande. Mazoea yana taabu."

Alikimbilia kidude cha ukutani, akabandua kifuniko, akaanza kufuata waya kwa kidole. Utani ulikuwa umemtoka.

"Ndani ya mashine kuna vali ya kugeuza, ndiyo inayoamua joto liende ndani au nje. Kuna mashine ambazo vali ikipewa umeme inapasha, na nyingine ikipewa umeme inapoza. Kidude kikiwa kipya lazima ukiambie mashine yako ni ya kundi lipi. Hiki hakikuambiwa. Kimeachwa kilivyotoka dukani. Kwa hiyo kila kikiomba joto, mashine inaleta baridi. Na kwa kuwa joto halifiki, kinaendelea kuomba. Ukiongeza namba, ndiyo kabisa, hakipumziki usiku kucha."

"Na kioo kinaonyesha jua jekundu."

"Kioo kinaonyesha unachokiomba. Unachopata hakionyeshi."

Inspekta akageuka. Kifungua Mimba alikuwa amesimama. Kofia alikuwa ameivua, ameishika kwa mikono miwili.

"Swali moja tu," Inspekta alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile aliona afadhali asingeuliza. "Nani alikifunga hiki kidude?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jumapili. Ile ya mwisho. Cha zamani kilikuwa na namba ndogo, mama haoni. Nikasema nimletee zawadi." Aliongea taratibu, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. "Nilitazama video. Mama Mdogo alisema tumwite fundi, nikamwambia, mama, hizi ni waya tano tu, mimi nimesoma. Kikawaka. Mama akapiga makofi."

Fundi aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta bisibisi.

"Halafu akanipigia simu. Akasema, mwanangu, nina baridi. Nikamwuliza, kioo kinasemaje? Akasema kinasema joto. Nikamwambia ni umri, mama. Kesho yake akapiga Mama Mdogo. Akasema humu ndani si kuzuri, dada anatetemeka. Nikamwambia..." Akashika ukuta. "Nikamwambia aongeze. Kila alipopiga nilimwambia aongeze."

Nje mashuka ya jirani yalipigapiga. Inspekta alikuwa amezoea kuwaona watu wakifikiwa na ukweli, na hakuwahi kuupenda mwonekano huo. Akampigia daktari hapohapo, mbele yake, kwa sababu kuna mwanamke aliyekuwa selo.

"Daktari, ulipokadiria saa ya kifo, ulikihesabu chumba kuwa na joto gani?"

"Lile la kwenye kioo. Ishirini na sita."

"Hukuhisi baridi?"

"Madirisha yalikuwa wazi, inspekta, watu walikuwa wanaingia na kutoka. Nilijua ni ya nje."

"Sasa kihesabu kama friji."

Kalamu ikasikika mezani. "Basi mwili ulipoa haraka kuliko nilivyodhani. Alifariki baadaye sana. Alfajiri, labda. Na mtu wa umri ule, mwenye moyo ule, kwenye baridi ya siku mfululizo..." Daktari akaacha. "Nilikosea. Nitaandika upya."

"Kwa hiyo ile chai alikunywa."

"Ndiyo, alikunywa."

Fundi alikuwa amebonyeza vibonyezo vya kidude. Nje vali ikageuka, mashine ikatoa pumzi moja ndefu, ndefu kuliko zote, na paka akaruka akakimbia. Punde hewa ya dari ikabadilika. Ikashuka moto, laini, ikiwa na harufu ya mafuta ya kuchua yaliyokuwa yamekaa miezi kwenye mapazia ya chumba cha marehemu.

Kifungua Mimba alisimama chini ya tundu, uso juu, akalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni.

*

Koplo alifungua selo bila kuambiwa mara ya pili. Mama Mdogo alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono ndani ya sweta. Alipomwona Inspekta alinyoosha mgongo, tayari kwa swali. Kisha akamwona aliyesimama nyuma yake, akauona uso wake, na mabega yakamwanguka.

"Umemwambia," alimwambia Inspekta. "Ah, mwanangu. Kwa nini umemwambia?"

Kifungua Mimba alianguka magotini kwenye saruji. "Ulijua?"

"Nilijua asubuhi ile. Nimeingia, mkono wangu nikauinua kwenye tundu, ndipo nikaelewa usiku wote ule nilikuwa naongeza nini. Kibonyezo nilibonyeza mimi, baba. Dada analia kwamba nitamuua kwa baridi, nami nabonyeza. Kidole ni hiki."

"Kwa sababu nilikuambia!"

"Basi ndiyo maana nikamvua. Nikasema, akija akamkuta na mablanketi manne atauliza, na akiuliza atajua. Nikayasukuma kabatini."

"Nimekuita muuaji! Nimewaleta askari mimi, kwa miguu yangu! Wangekufunga maisha, mama, na wewe umekaa kimya?"

"Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Wangenifunga miaka mingapi?" Akamshika kichwa kwa viganja viwili, kama alivyomshika zamani, usiku ambao dada yake alikuwa zamu akiwazalisha wengine na yeye ndiye aliyembembeleza mtoto. "Lakini wewe ungebeba hili mpaka lini? Ulimletea mama yako zawadi. Alipiga makofi. Nilitaka ubaki na hayo makofi."

Inspekta alikuwa na swali, kama kawaida. Akalimeza. Alimwashiria koplo atoke, yeye mwenyewe akageukia ukuta, akaanza kusafisha miwani iliyokuwa safi.

Nyuma yake alisikia Mama Mdogo akihangaika na vifungo. Alikuwa anaivua ile sweta ya juu, ile kubwa iliyompwaya, ya dada yake.

"Unatetemeka," alimwambia Kifungua Mimba. "Vaa hii. Nje kuna baridi."